Maswali na Majibu: Kitundu cha Nano, Uzito na Umbo la Molekuli

Maswali haya ni ya kundi la marudio linalokutana Majanji, wanafunzi wa sayansi wa pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya: wa Nagongera, wa Busia na wa Alupe. Mada imekuwa ngumu kwa sababu vitabu huianzisha mwishoni, kwenye matokeo, ambako mashine inatoa jina la kirusi au uzito wa protini. Sisi tutaanza kwenye mkondo wa umeme. Kihisio cha kitundu cha nano kinapima mkondo tu. Uzito, umbo na mfuatano wa herufi za DNA tunavipata kwa hoja, na kila hoja ina sharti lake. Ukilijua sharti, swali lolote la mtihani huu utalijibu.

Swali la 1. Eleza kihisio cha kitundu cha nano. (alama 3)

Ni utando mwembamba usiopitisha umeme, wenye kitundu kimoja cha upana wa nanomita chache, unaotenganisha vyumba viwili vya maji ya chumvi. Kila chumba kina elektrodi yake. Ukiweka volteji kati ya elektrodi hizo, ioni za chumvi hazina njia nyingine ila kitundu, na mwendo wao ndio mkondo tunaousoma. Molekuli ikiingia inakalia nafasi ambayo ioni zingepita, na mkondo unashuka. Ikitoka, mkondo unarudi ulipokuwa. Kila mshuko una kina chake na muda wake, na data zote za kifaa zinaanzia kwenye hayo mawili.

Usiandike kwamba kitundu "kinaiona" molekuli. Mtahini anatafuta utando, ioni na mshuko.

Swali la 2. Kitundu cha alfa-hemolisini katika chumvi ya kloridi ya potasiamu ya molari 1, kwa volteji ya milivolti 100, hupitisha takriban pikoampia 100. Ni ioni ngapi hupita kwa sekunde? Molekuli inayokaa ndani kwa mikrosekunde 1 inaweza kupimwa vizuri? (alama 6)

Gawanya mkondo kwa chaji ya ioni moja: 100 × 10⁻¹² ÷ 1.602 × 10⁻¹⁹ = 6.24 × 10⁸. Hizo ni ioni milioni 624 kwa sekunde. Wengi huishia hapo na kupoteza alama tatu.

Sehemu ya pili ndiyo yenye maana. Kwa mikrosekunde 1 zinapita ioni 624 tu. Ioni hupita bila mpangilio, kwa hiyo hesabu hiyo ina utata wa kipeuo cha pili cha 624, takriban 25, sawa na asilimia 4. Utata huo upo hata ukiwa na kikuza mawimbi kisicho na kelele yoyote, na vikuza mawimbi vya namna hiyo havipo. Mshuko wa asilimia 1 au 2 utazama humo. Molekuli ikikaa milisekunde 1 zinapita ioni 624,000, na utata unapungua hadi karibu asilimia 0.13. Jibu fupi ni kwamba mikrosekunde 1 haitoshi. Kumbuka hesabu hii, kwa kuwa jitihada nyingi za miaka thelathini katika fani hii zimekuwa za kuichelewesha molekuli ndani ya kitundu.

Swali la 3. Wazo hili lilitoka wapi? (alama 4)

Mmarekani Wallace Coulter alipewa hataza mwaka 1953 kwa kifaa cha kuhesabu chembe kwa kuzipitisha moja moja kwenye tundu dogo lenye mkondo wa umeme. Chembe kubwa zaidi hutoa badiliko kubwa zaidi la umeme. Mashine nyingi za kupima damu nzima bado hutumia kanuni hiyo. Ukiona kwenye karatasi ya majibu ya maabara wastani wa ujazo wa chembe nyekundu, tuseme femtolita 90, nyuma ya namba hiyo mara nyingi kuna mapigo ya umeme ya tundu la Coulter. Tundu lile lina upana wa makumi ya mikromita. Letu ni dogo mara maelfu.

Mwaka 1989 David Deamer alichora katika daftari lake wazo la kuupitisha uzi wa DNA kwenye kitundu na kuusoma kwa umeme. Mwaka 1996 John Kasianowicz, Eric Brandin, Daniel Branton na Deamer walichapisha ushahidi kwamba nyuzi za DNA na RNA hupita kwenye alfa-hemolisini, na kwamba muda wa mshuko huongezeka kadiri uzi unavyorefuka. Kifaa kidogo cha MinION cha kampuni ya Oxford Nanopore kilianza kuwafikia watafiti mwaka 2014.

Swali la 4. Taja aina mbili za vitundu na utoe faida moja ya kila aina. (alama 4)

Vitundu vya protini hujijenga vyenyewe ndani ya utando wa mafuta. Mifano ni alfa-hemolisini, ambayo ni sumu ya bakteria Staphylococcus aureus na sehemu yake nyembamba kabisa ina upana wa nanomita 1.4 hivi, MspA ya Mycobacterium smegmatis, na FraC ya kiumbe wa baharini aina ya anemoni. Faida yake ni kwamba kila kimoja hulingana na mwenzake karibu atomu kwa atomu. Vitundu vya kutoboa, kwa mfano kwenye utando wa nitridi ya silikoni, huchaguliwa upana. Hivyo vinafaa kwa protini nzima iliyokunjwa, ambayo haiwezi kupenya nanomita 1.4.

Swali la 5. "Kitundu cha nano hupima uzito wa molekuli moja." Jadili. (alama 10)

Hili ndilo swali kubwa. Anza kwa kukataa sentensi ilivyoandikwa. Kitundu hakina mizani ndani yake. Hata spektromita ya masi ya kawaida, ambayo huichaji molekuli na kuitupa katika ombwe, inapima uwiano wa masi kwa chaji. Kitundu kiko mbali zaidi na uzito kuliko hiyo, kwa sababu kinahisi nafasi iliyozibwa na ioni zilizovurugwa. Ili mshuko ugeuke kuwa daltoni, lazima kuwe na familia ya molekuli ambamo uzito na mshuko vinakwenda pamoja.

Mfano wa kwanza wa kuaminika ni wa mwaka 2007. Joseph Robertson na wenzake wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, walitumia kitundu kimoja tu cha alfa-hemolisini na mchanganyiko wa poliethilini glikoli wa urefu tofauti tofauti. Nyuzi hizo zimejengwa kwa kipande kimoja kinachojirudia, chenye uzito wa daltoni 44. Walipopanga wastani wa mkondo wa kila mshuko kwenye chati, vilima vilijitenga: uzi wenye vipande 28 ukaonekana kando na wenye vipande 29. Chati hiyo ilifanana sana na ya spektromita ya masi, ila molekuli zilikuwa bado ndani ya maji.

Kwa nini ilifaulu? Hapa ndipo mwanafunzi mzuri anapojitofautisha. Chumvi waliyotumia ilikuwa nzito, molari 4 ya kloridi ya potasiamu. Polima hiyo haina chaji, lakini hukumbatia ioni za potasiamu, na kwa hiyo hukaa kitunduni muda mrefu zaidi. Muda huo ndio unaoleta wastani mkali, kama hesabu ya swali la 2 ilivyoonyesha. Tena ioni zilizokumbatiwa zimeondolewa kwenye msafara, kwa hiyo mshuko unatokana na mwili wa uzi pamoja na potasiamu uliyoishika. Uzi mrefu hushika zaidi. Mstari kati ya uzito na mshuko unatokea kwa sababu nyuzi zote ni za kemia ileile.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2019, kutoka maabara ya Giovanni Maglia katika Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi. Wao walitaka vipande vya protini, ambavyo ni vigumu zaidi kwa sababu vingine vina chaji chanya, vingine hasi, na chaji huamua nani aingie kitunduni na nani afukuzwe. Walitumia FraC katika asidi ya pH 3.8. Katika asidi hiyo makundi mengi yenye chaji hasi hupoteza chaji, vipande vya kila namna vikaingia, na mshuko ukafuata uzito. Waliweza kutenganisha vipande vinavyotofautiana kwa daltoni 44. Kufanana kwa namba hii na ile ya mwaka 2007 ni sadfa. Usijenge hoja juu yake.

Hitimisho la jibu lako liwe hivi: kitundu huweza kukadiria uzito pale ambapo kemia ya molekuli ni ya familia moja au chaji imedhibitiwa. Nje ya hapo, namba ya daltoni inayotolewa ni ya kubuni.

Swali la 6. Kitundu cha kutoboa kina upana D wa nanomita 20 na urefu L wa nanomita 20. Kadiria mshuko wa mkondo kwa hemoglobini (daltoni 64,500) na kwa albumini ya damu (daltoni 66,500). Toa maoni. (alama 8)

Chukua kwamba protini ina ujazo wa nanomita za ujazo 1.21 kwa kila daltoni 1,000, na kwamba ni mviringo kamili wa kipenyo d. Mshuko kwa sehemu ya mkondo wote ni d³ ÷ [D² (L + 0.8D)]. Ile 0.8D ipo kwa sababu mkondo hupata shida pia mdomoni mwa kitundu, si ndani tu. Wengi huisahau.

Hemoglobini: ujazo 78, d³ ni 149, na kipenyo ni nanomita 5.3. Chini ya mstari ni 400 × 36 = 14,400. Mshuko ni asilimia 1.03.

Albumini: ujazo 80.5, d³ ni 154. Mshuko ni asilimia 1.07.

Maoni: tofauti ya asilimia 0.04 haitaonekana. Ukipunguza upana na urefu hadi nanomita 10, chini ya mstari inakuwa 1,800, na mishuko inaongezeka mara nane, asilimia 8.3 na 8.5. Ishara imekuwa nzuri mno, lakini uwiano kati ya protini hizi mbili haujabadilika hata kidogo. Kitundu kidogo kinasaidia kusikia na hakisaidii kutofautisha vitu vyenye ujazo karibu sawa. Kwa hiyo tunahitaji kitu cha pili cha kupima, nacho ni umbo.

Swali la 7. Eleza jinsi umbo la protini moja linavyopatikana kutokana na mkondo. (alama 10)

Fikiria mtumbwi kwenye mfereji mwembamba kati ya mafunjo, pale karibu na ufuo wa Majanji. Ukielekea mkondo wa maji, maji hupita pembeni bila shida. Ukigeuka kingamo, maji yanasumbuka, ingawa mbao hazijaongezeka hata ubao mmoja.

Kwa ioni ni vivyo hivyo, na kuna namba yake inayoitwa kigezo cha umbo, γ. Mshuko unategemea γ ikizidishwa na ujazo. Kwa mviringo kamili γ ni 1.5, hata uugeuze vipi. Kwa kitu chembamba kirefu, γ hukaribia 1 kikilala sambamba na mkondo na hukaribia 2 kikiwa kingamo. Kwa kitu bapa, kikiingia kwa ukingo γ hukaribia 1, na kikiukabili mkondo kwa uso wake mpana γ huzidi 1.5 na inaweza kuwa kubwa sana.

Sasa angalia hatari. Molekuli ndefu ya ujazo V ikiwa kingamo inatoa mshuko wa 2V. Molekuli nyingine ndefu, yenye ujazo wa 2V, ikipita sambamba inatoa mshuko uleule. Kwa mshuko mmoja bapa huwezi kuzitenganisha, na makadirio yako ya uzito yanaweza kukosea mara mbili. Ndiyo maana uzito na umbo haviwezi kufundishwa mbalimbali. Anayepuuza umbo amekosea uzito pia.

Dawa ni kuiacha molekuli ijiviringishe ikiwa ndani, kisha kutazama jinsi mkondo unavyopanda na kushuka katika mshuko mmoja. Kiwango cha chini na cha juu vinakupa γ ndogo na γ kubwa. Uwiano wao unakupa umbo, yaani ni bapa au ndefu na kwa kiasi gani. Ukishajua umbo, unarudi kwenye mshuko na kutoa ujazo halisi.

Tatizo ni kasi. Protini huru majini hujigeuza kwa nanosekunde na hupita kitunduni haraka kuliko kikuza mawimbi kinavyoweza kufuata. Kundi la Michael Mayer, akiwa Chuo Kikuu cha Michigan na baadaye Fribourg, Uswisi, lilipaka kuta za kitundu tabaka la mafuta laini. Wazo walilipata kwenye papasi za nondo, ambazo vitundu vyake vya kunusa vimepakwa mafuta. Protini hufungwa kwenye molekuli moja ya mafuta hayo, ikawa inasafiri kwa mwendo wa mafuta badala ya mwendo wa maji, na kujiviringisha kwake kukapungua. Tabaka hilo pia huzuia protini kunata ukutani. Mwaka 2017 Erik Yusko na wenzake walionyesha kwamba kwa njia hiyo protini moja moja inaweza kuelezwa kwa sifa tano kwa pamoja: umbo, ujazo, chaji, kasi ya kujiviringisha, na ncha mbili za chaji zilizomo ndani yake.

Katika mtihani taja zote tano. Kisha ongeza sharti: umbo linalopatikana ni la yai au la kisahani kilicholainishwa, bila mikunjo midogo ya protini.

Swali la 8. Mtoto wa Tororo anashukiwa kuwa na selimundu. Linganisha njia tatu za kuitambua hemoglobini yake kwa kitundu. (alama 10)

Wengi huujua ugonjwa huu kwa jina la sikoseli, na eneo letu linahitaji jibu la swali hili. Utafiti wa kitaifa wa Uganda uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta asilimia 13.3 ya watoto wachanga waliopimwa wamebeba jeni moja ya ugonjwa huu.

Njia ya uzito. Katika hemoglobini ya selimundu, asidi ya glutamiki imeondoka na valini imechukua nafasi yake katika kila mnyororo wa beta. Valini ni nyepesi kwa daltoni 30. Minyororo ya beta ni miwili, kwa hiyo molekuli nzima imepungua daltoni 60 kati ya 64,500, chini ya asilimia 0.1. Umeona katika swali la 6 kwamba hata tofauti ya uzito ya asilimia 3 inatushinda. Ukikata protini vipande na kutumia FraC, tofauti ni daltoni 30, na uwezo uliotajwa ni daltoni 44. Njia hii inashindwa.

Njia ya chaji. Glutamiki ina chaji hasi katika pH ya damu, na valini haina. Kwa hiyo molekuli nzima imepoteza chaji hasi mbili. Linus Pauling na wenzake walitumia jambo hilohilo mwaka 1949, walipotenganisha hemoglobini hizo kwa umeme na kuutangaza ugonjwa huu kuwa wa molekuli. Kwenye kitundu, chaji hubadilisha zaidi mara ngapi molekuli inaingia na inakaa muda gani. Kina cha mshuko hakiguswi sana. Utahitaji mishuko mingi ili uone tofauti ya wastani. Mshuko mmoja hauthibitishi kitu, na pH ya 3.8 ya mfano wa Groningen ingeifuta sehemu kubwa ya tofauti unayoitafuta. Anayeona mgongano huo bila kuambiwa ameielewa mada.

Njia ya jeni. Usiipime protini, soma DNA yake. Herufi GAG imekuwa GTG. Badiliko ni herufi moja, na kitundu kinachosoma DNA kinaweza kuiona, hasa kipande kilekile kikisomwa mara nyingi.

Swali likikuuliza ushauri kwa kliniki, sema kweli: vipimo vya umeme kwenye jeli na vipimo vya haraka vya kijikaratasi ni nafuu na vinatosha kwa kazi hiyo leo.

Swali la 9. Kusoma DNA kunatofautianaje na kupima uzito na umbo? (alama 5)

Katika uzito na umbo, molekuli nzima inatoa mshuko mmoja. Katika DNA, uzi mrefu unavutwa polepole na kila hatua inatoa kiwango chake cha mkondo. Uzi ukiachwa huru hupita kwa mikrosekunde chache kwa herufi, kwa hiyo hufungiwa kimeng'enya kinachoupitisha kwa kipimo. Kwa vitundu vya MinION vya kizazi cha R9.4, mwendo ulikuwa herufi 450 hivi kwa sekunde.

Mkondo hausomi herufi moja. Kama herufi tano zinakaa pamoja kwenye sehemu nyembamba, kuna mipangilio 4⁵, yaani 1,024, na viwango vyao vinapandana. Programu iliyofunzwa kwa mifano mingi ndiyo inayokisia herufi. Kwa hiyo hapa pia jina linatoka kwenye hoja, na kusoma mara nyingi ndiko kunakopunguza makosa.

Swali la 10. Toa mfano wa matumizi ya kitundu katika kilimo cha Afrika Mashariki. (alama 8)

Mihogo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ya mihogo ilizuka katikati ya Uganda, na katikati ya miaka ya 1990 ikavuka hadi magharibi mwa Kenya. Wazee wa Samia na Teso wanaikumbuka kwa njaa yake. Mwaka 1997 ilithibitishwa kwamba kirusi cha Uganda kilichohusika kilitokana na kuunganika kwa virusi viwili vya batobato vilivyokuwepo. Huenezwa na inzi weupe na kwa pingili zenye ugonjwa, na pingili huvuka mpaka kwenye baiskeli bila mtu kuuliza.

Jani lenye mabato linakuonyesha kwamba kuna batobato, lakini halikuambii ni kirusi kipi. Mradi wa kupambana na virusi vya mihogo uliowaleta pamoja Titus Alicai wa Namulonge, Joseph Ndunguru wa Tanzania, Elijah Ateka wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta na Laura Boykin wa Australia ulipeleka MinION shambani. Ripoti yao ya mwaka 2019 inaeleza mashamba matatu, moja katika kila nchi: Tanzania, Uganda na Kenya. Vifaa vyote vilitumia betri. Walipima majani, mashina, mizizi na wadudu, na tangu kufika shambani hadi kupata jibu la awali haikufika saa 3.

Hesabu ya ziada: kirusi cha batobato kina duara mbili za DNA, kila moja ya herufi 2,800 hivi. Kwa herufi 450 kwa sekunde, duara moja husomwa kwa sekunde 6. Saa zote zilizobaki zinaliwa na kukusanya sampuli, kusafisha DNA na kuiandaa. Mmea una kemikali zinazozuia vimeng'enya, na ukishindwa kuziondoa hata kitundu bora hakisomi kitu.

Swali la 11. Na katika afya ya mpakani? (alama 4)

Mwaka 2020 madereva wa malori walipimwa KOVIDI-19 Busia na Malaba, na foleni zikawa ndefu. Maabara ya Entebbe, katika taasisi ya utafiti wa virusi ya Uganda, ilisoma virusi kwa MinION na kuonyesha kwamba aina za virusi zililingana na mahali wasafiri walikotoka. Kazi hiyo ikaendelea hadi kuitambua aina ya A.23.1 ndani ya Uganda, iliyochapishwa mwaka 2021. Kirusi hicho kina herufi karibu 30,000 za RNA. RNA hiyo kwanza hugeuzwa kuwa DNA na kunakiliwa, mara nyingi kwa vipande vya herufi 400 hivi, na kila kipande cha namna hiyo hupita kitunduni kwa chini ya sekunde moja.

Swali la 12. Taja mambo yanayoharibu usomaji uwandani. (alama 3)

Joto, kwa kuwa seli za kusomea, zenye vitundu, huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Sampuli chafu. Na kiputo cha hewa: kikipita juu ya utando, vitundu vilivyo chini yake vinakufa papo hapo. Jaza kwa pipeti polepole, na acha tone dogo kwenye ncha.

Swali la 13. Je, kitundu kinachopima uzito na umbo kingeweza kutambua malaria katika tone la damu kwa kutafuta protini ya HRP2? (alama 8)

Vipimo vya haraka tunavyovijua huikamata protini hiyo, ambayo vimelea vya malaria huimwaga kwenye damu. Swali linaonekana rahisi: tia damu, subiri mshuko wa HRP2. Fanya hesabu kwanza.

Damu ina albumini ya gramu 40 hivi kwa lita ya plazima. Gawanya kwa 66,500 upate milimola 0.6. Tuseme HRP2 iko kwenye nanomola 0.6. Kwa kila molekuli moja ya HRP2 kuna albumini milioni moja. Kitundu kikipokea molekuli 10 kwa sekunde, utangoja wastani wa sekunde 100,000, karibu saa 28, ili uone moja, na hiyo moja lazima uitambue bila kuikosea kati ya milioni. Ukikosea mara moja tu katika kila molekuli elfu, utakuwa na HRP2 za uongo elfu moja kwa kila moja ya kweli. Hemoglobini ya chembe zilizopasuka bado hatujaihesabu.

Kwa hiyo jibu ni hapana, si kwa damu ghafi. Kitundu kinahesabu molekuli moja moja, na hiyo haimaanishi kwamba kinaipata ile iliyo adimu. Njia inayowezekana ni kuikamata HRP2 kwanza kwa kingamwili na kuiosha, au kuifunga kwenye uzi mrefu wa DNA ambao mshuko wake unajulikana, ili HRP2 ionekane kama kinundu ndani ya mshuko wa uzi huo. Na kwa vimelea vilivyopoteza jeni ya HRP2, kama vilivyogunduliwa Peru na baadaye Eritrea, protini haipo kabisa. Vimelea hivyo hutafutwa kwa kusoma DNA yake.